Kifaru cha Kibuyu na Mabati: Faida ya Kusahihisha Modeli Darasani

Zana za kufundishia hutengenezwa mara nyingi, lakini husahihishwa mara chache. Mwanachuo aendapo kwenye mazoezi ya kufundisha huchukua chati, ramani na modeli alizokwisha kuzikamilisha; huzionyesha, husifiwa, kisha huzitundika ukutani zikaliwa na mchwa. Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya thamani ya modeli haimo katika kuijenga tu, bali katika kuibomoa na kuisahihisha mbele ya wale walioijenga. Mfano wangu ni kazi iliyofanywa na wanafunzi wa Darasa la Sita niliokuwa nikiwafundisha katika shule moja ya msingi ya kata ya Lumemo, pembezoni mwa mji wa Ifakara.

Kazi hiyo ilitokana na somo la Vita vya Kagera. Wanafunzi walikwisha kujua kwamba majeshi ya Idi Amin yaliivamia ardhi yetu mwezi Oktoba 1978, kwamba Mwalimu Nyerere alilihutubia taifa tarehe 2 Novemba mwaka huo, na kwamba Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Tarehe walizikariri vizuri. Lakini nilipouliza kifaru ni kitu cha ukubwa gani, mmoja alisema ni kama trekta, mwingine akasema ni kama nyumba. Hapo ndipo tulipokubaliana kukijenga kimoja kwa skeli ya 1:10.

Walimu wenzangu waliuliza, na waliuliza kwa haki, kama silaha inafaa kuwa zana ya kufundishia watoto. Niliwajibu kwamba watoto wa bonde la Kilombero hawangoji ruhusa yetu ili waunde magari ya waya na matrekta ya mabua. Kazi ya mwalimu ni kuuingiza ustadi huo katika somo. Hata hivyo niliweka sharti moja: modeli isionyeshwe kwa mtu yeyote bila wanafunzi kueleza pia vita vile viliwagharimu nini wananchi wa Kagera.

Tulichagua kifaru cha aina ya Type 59, kilichotengenezwa China kwa kufuata T-54 ya Umoja wa Kisovyeti, kwa kuwa vifaru vya aina hiyo vilikuwamo katika Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Vipimo vyake vikuu niliviandika ubaoni: kiwiliwili kina urefu wa karibu mita 6; pamoja na mzinga ulioelekezwa mbele, mita 9; upana ni mita 3.27; uzito ni tani 36; tundu la mzinga lina kipenyo cha milimita 100. Kila mnyororo una upana wa sentimita 58, na kila gurudumu la kukanyagia kipenyo cha sentimita 81. Wanafunzi waligawanya kila kipimo cha urefu kwa 10. Vifaa vilipatikana bila fedha: mbao laini na mabati ya makopo kwa kiwiliwili, mwanzi kwa mzinga, na nusu ya kibuyu kwa kile kichwa kinachozunguka, ambacho katika kifaru hiki hufanana na bakuli lililofunikwa. Minyororo ilikatwa katika soli za ndala zilizochakaa.

Kosa la kwanza lilikuwa la upana. Kundi lililopewa kiwiliwili lilitengeneza sanduku la sentimita 32.7 barabara. Minyororo ya sentimita 5.8 ilipofungwa kila upande, modeli nzima ikawa na zaidi ya sentimita 44. Hesabu ya kugawanya ilikuwa sahihi kabisa; kilichokosewa ni swali. Niliwauliza, “Mita 3.27 ni upana wa nini?” Walinyamaza kwa muda mrefu, kisha msichana mmoja akasema kwamba huenda ni upana wa kifaru chote pamoja na minyororo yake. Wakatoa 11.6 katika 32.7, wakapata 21.1, wakakata sanduku upya. Angalia, mwanachuo, kwamba kosa hili lisingeonekana katika daftari. Katika daftari jibu lile lingepata alama ya vema.

Kosa la pili lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu lilihusu macho wala si hesabu. Kila upande wa kifaru hiki una magurudumu matano ya kukanyagia. Wanafunzi waliyapanga kwa nafasi zilizo sawa, yakapendeza. Lakini picha yetu, iliyopigwa ubavuni, ilionyesha wazi kwamba nafasi kati ya gurudumu la kwanza na la pili ni kubwa kuliko nyingine zote. Picha hiyo ilikuwa imebandikwa ukutani kwa wiki mbili, na hakuna aliyeliona jambo hilo. Mkono ulikuwa umefuata fikira ya kwamba magurudumu hupangwa sawasawa, haukufuata picha. Niliwataka wapime kwa rula kila nafasi pichani na kuziandika. Walipokwisha kuandika, mvulana aliyeyagongomea magurudumu yote kwa mikono yake alisema, “Mwalimu, tumeshamaliza. Nani atajua?”

Swali hili ndilo lililo moyo wa makala yangu. Mwalimu anaweza kulijibu kwa amri, na mtoto atang’oa misumari huku akinung’unika. Anaweza pia kuliacha lipite, kwa kuwa kipindi kimekwisha na modeli inapendeza. Nililirudisha kwa darasa zima, nikawapa siku mbili za kulifikiri.

Siku ya pili alikuja babu wa mmoja wao, mzee aliyekuwa askari katika vita vile. Watoto walimwamkia, naye akaitikia, akachuchumaa mbele ya modeli asiseme neno. Kisha akaweka kidole baina ya gurudumu la kwanza na la pili, akasema, “Wajukuu zangu, hapa pamebanwa. Chetu kilikuwa na mwanya hapa.” Aliulizwa mengi juu ya mzinga na mwendo, akajibu machache. Aliyoyasema kwa kirefu yalihusu vijiji walivyovikuta vitupu, na wenzake wawili ambao hawakurudi. Alipoondoka, yule mvulana alichukua koleo, akaanza kung’oa misumari pasipo kuambiwa.

Baada ya marekebisho tulipata masomo mawili zaidi. La kwanza ni la uzito. Niliuliza: kama modeli ingekuwa ya chuma kilekile, kwa umbo lilelile, ingekuwa na uzito gani? Wengi walijibu tani 3.6. Tulichukua mche wa udongo wenye ubavu wa sentimita 1, na mwingine wa sentimita 10, tukahesabu: wa pili ni sawa na 1,000 ya ule wa kwanza. Jibu basi ni kilo 36, yaani uzito wa mtoto mmoja wa darasa lile. Somo la pili ni la matope, ambayo hayahitaji maelezo kwa mtoto wa mashamba ya mpunga. Kila mnyororo hugusa ardhi kwa urefu wa karibu mita 3.84. Kwa minyororo miwili, tani 36 hukandamiza karibu kilo 0.8 kwa kila sentimita ya mraba. Wanafunzi walichora nyayo zao kwenye karatasi ya miraba, wakahesabu, wakaona kwamba mtoto wa kilo 36 asimamaye kwa mguu mmoja hukandamiza karibu kilo 0.3. Chuma cha tani 36 hakikufikia mara tatu ya mguu wa mtoto!

Kwa hiyo, mwanachuo, uendapo kwenye mazoezi ya kufundisha, panga vipindi vya kusahihisha kama unavyopanga vya kujenga. Weka kitu halisi au picha yake kando ya modeli, na watoto wapime vyote viwili. Uliza kipimo ni cha nini kabla ya kuuliza ni kiasi gani. Mwalike mzee anayekijua kitu chenyewe, kwani kijijini hakosekani. Na usitumie misumari mirefu mno, ili kuing’oa kusiwe adhabu.