Ukiwa na Shilingi 36, Mombasa Itakusimulia Mengi

Toa mfukoni shilingi 36, msomaji, uzipange mezani: sarafu moja ya shilingi 1, moja ya shilingi 5, moja ya shilingi 10 na moja ya shilingi 20. Hakikisha zote ni zile zilizozinduliwa na Benki Kuu ya Kenya mwezi Desemba 2018. Twiga yuko kwenye shilingi 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10 na ndovu kwenye 20. Ukizipata zote 4, umekamilisha mkusanyo wa sarafu mpya za nchi yako kwa pesa ambazo huenda zisifike hata nauli ya matatu kutoka mtaani hadi katikati ya mji siku ya mvua. Uzuri ni kwamba hujazipoteza. Siku sukari ikiisha nyumbani, zipeleke dukani, zitapokelewa kwa thamani ile ile.

Nimeanza na hesabu hii kwa sababu wengi, hasa wanafunzi, huukata tamaa mapema uraibu wa kukusanya sarafu. Husikia habari za matajiri wa ng'ambo wanaonunua sarafu za dhahabu mnadani, wakajisemea kwamba jambo hili si la mlalahoi. Sivyo hata kidogo. Mwenye mfuko mwembamba hulazimika kuitazama sarafu kwa makini, akaisoma pande zote mbili na kuuliza habari zake, kabla ya kutoa hata senti. Huko kutazama na kuuliza ndiko kukusanya kwenyewe. Kununua ni sehemu ndogo tu.

Anzia nyumbani

Kabla hujafikiria safari yoyote, pekua nyumba. Fungua droo ya kabati, mkebe wa biskuti wenye vifungo na sindano, na mfuko wa koti ambalo baba halivai tena. Yamkini utakuta senti 50, ambayo watoto wa siku hizi hawaijui. Yamkini pia utakuta shilingi 40 ya mwaka 2003, yenye sura ya Mwai Kibaki, iliyotolewa kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Zipange kwa miaka na utaona historia ya nchi ikipita mbele yako. Sarafu za kwanza za Kenya huru zilitoka mwaka 1966 zikiwa na sura ya Mzee Jomo Kenyatta. Ikafuata sura ya Daniel arap Moi, kisha Kenyatta akarudi kwenye sarafu za 2005. Mwishowe Katiba ya 2010, kifungu cha 231, ikakataza sura ya mtu yeyote kuwekwa kwenye noti na sarafu. Ndiposa leo tuna twiga na kifaru badala ya marais.

Ikiwa redio ya nyumbani imekufa kabisa, mwombe fundi akutolee sumaku iliyo ndani ya spika. Ikaribishe kwenye shilingi ya 1966: haitanaswa, kwa maana imetengenezwa kwa shaba na nikeli. Ikaribishe kwenye shilingi ya 2005: itanaswa, kwa kuwa ndani yake ni chuma kilichopakwa nikeli. Hapo umegundua, bila kulipa chochote, jinsi serikali inavyopunguza gharama ya kutengeneza pesa.

Sasa tuteremke Pwani

Sisemi ufunge safari ya Mombasa kwa ajili ya sarafu pekee. Nasema hivi: likizo ikifika, na una shangazi au rafiki wa kukulaza Mombasa, tenga asubuhi moja. Matembezi haya ni ya miguu, nayo hayahitaji zaidi ya viatu vizuri, chupa ya maji na zile sarafu zako 4.

Anzia kwenye pembe kubwa za ndovu za Moi Avenue. Watalii hupigia picha hapo, nawe unaweza kuilinganisha shilingi 20 yako na pembe hizo papo hapo. Kisha fuata barabara kuelekea Digo Road, uivuke, uingie Nkrumah Road. Baada ya mwendo mfupi utafika Treasury Square, bustani ndogo yenye miti ya kivuli. Jina hilo latokana na hazina ya serikali ya kikoloni iliyokuwa hapo. Keti kwenye kivuli upumzike, maana hapa ndipo pazuri pa kujiuliza: kabla ya shilingi, watu wa mji huu walitumia nini?

Walitumia pesa za watu wengi. Neno lenyewe "pesa" limetoka India, kwenye sarafu ndogo za shaba zilizoletwa na wafanyabiashara. "Hela" limetoka kwa Wajerumani waliotawala Tanganyika, ambao sarafu yao iliitwa heller. Mwaka 1888 kampuni ya Uingereza iliyokabidhiwa kutawala eneo hili, Imperial British East Africa Company, ilitoa sarafu zake zenyewe zilizoandikwa MOMBASA, nyingine zikiwa na picha ya mizani. Fikiria hilo: mji huu ulikuwa na jina lake kwenye sarafu kabla Nairobi haijazaliwa. Reli ilipoanza kujengwa mwaka 1896, rupia ya India ndiyo iliyokuwa ikitumika. Mwaka 1920 ikaingizwa florini, ambayo haikudumu, na sarafu za kwanza za shilingi zikapigwa chapa ya mwaka 1921. Shilingi hizo zilikuwa na picha ya simba mbele ya milima. Mtazame simba wa shilingi 10 iliyo mkononi mwako. Kwa miaka mingi alionekana tu kama sehemu ya nembo ya taifa, akarejea peke yake 2018.

Ukiinuka hapo, mwendo wa dakika chache utakufikisha Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Kuna kiingilio, lakini raia hulipa kidogo kuliko wageni, na watoto hulipa kidogo zaidi. Ulizia bei mapema ili usije ukaaibika langoni mbele ya watoto. Ndani utaona vyombo na vitu vilivyochimbuliwa katika miji ya kale ya pwani, na vingine vilivyotolewa kwenye merikebu ya Kireno, Santo Antonio de Tanna, iliyozama karibu na ngome mwaka 1697. Utaelewa ni kwa nini pesa za kila namna zilipita hapa. Mwaka 2013 watafiti waliokuwa wakichimba kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, walitangaza kuwa wamepata sarafu ya Kichina ya enzi ya mfalme Yongle, aliyefariki 1424. Ilikuwa na tundu la mraba katikati.

Tundu hilo ulikumbuke, maana tutakutana na jingine hivi punde.

Mfalme asiye na sura

Toka ngomeni uingie Ndia Kuu, ndani ya Mji wa Kale. Hapa njia ni nyembamba, milango ina nakshi, na harufu ya kahawa tamu na mahamri itakuita kila hatua. Katika maduka ya vitu vya kale na kwenye meza za wauza vinyago, si ajabu kukuta sahani au chupa iliyojaa sarafu zenye tundu la duara. Usikimbilie kuuliza bei. Salimu kwanza.

"Shikamoo, mzee wangu. Naomba kutazama."

"Marahaba, mwanangu. Tazama, kutazama hakulipishwi."

Hizo zilikuwa senti 1, 5 na 10 za Afrika Mashariki, zilizotumika Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye Zanzibar. Wazee waliziita kwa majina yao: ya senti 5 ilikuwa ndururu, ya senti 10 ilikuwa peni. Tundu liliwafaa watu kuzitunga kwenye uzi zisipotee. Kwa kuwa zilitolewa nyingi mno, za kawaida hazina bei ya kutisha, na hapo ndipo maskini hupata nafasi yake.

Zisome moja moja, uzunguke tundu kwa jicho. Tafuta mwaka 1936 na jina EDWARDVS VIII. Mfalme huyu wa Uingereza alirithi ufalme Januari 1936, akauacha Desemba mwaka huo huo ili amuoe mtalaka wa Kimarekani. Huko kwao sarafu zenye sura yake ni adimu, na matajiri huzigombania. Lakini senti zetu hazikuwa na nafasi ya sura, kwa sababu ya tundu. Palihitajiwa jina tu. Basi zikapigwa chapa kwa mamilioni zikiwa na jina lake, zikaletwa huku kununulia chumvi na kiberiti. Kwa hivyo kile ambacho tajiri wa London hukitafuta kwa pesa nyingi, wewe unaweza kukuta ndugu yake wa shaba chini ya chupa ya muuza vinyago, ikiwa tu umejifunza kusoma.

Endelea kusoma. Ukiona herufi ndogo I, sarafu hiyo ilitengenezwa Bombay, na SA ni Pretoria. Nyingi za namna hiyo ni za wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kazi ilipogawanywa nje ya Uingereza. Ukiona jina la George VI likifuatwa na IND: IMP:, maana yake ni mfalme mkuu wa India. Sasa tazama sarafu zake za kuanzia 1948. Maneno hayo hayapo, kwa kuwa India ilipata uhuru 1947. Na ukipata senti 5 au 10 ya mwaka 1964 yenye tundu, utafute mfalme au malkia uwezavyo, hutamwona wala kuliona jina lake. Tanganyika, Uganda na Kenya zilikuwa zimekwisha jitawala. Sarafu 3 hivi, ukizipanga pamoja kwenye karatasi, zinasimulia kuporomoka kwa ufalme mzima.

Ukinunua, nunua moja. Ikiwa uwezo wako ni shilingi 50 kwa wiki, usizitumie kila wiki. Ziache zikae, kwa maana mwaka una wiki 52, nazo zitakuwa shilingi 2,600. Chagua basi kitu kimoja ulichokisoma na kukitamani. Pesa za chakula cha mchana na za karo hazimo katika hesabu hii, na mzazi asikubali zichanganywe.

Maonyo machache

Kuna watu wanaosambaza uvumi kwamba sarafu fulani ya zamani inanunuliwa kwa mamilioni, kisha wanakutaka utume "ada ya usajili" kwanza. Huo ni ulaghai. Mnunuzi wa kweli hakutozi wewe muuzaji pesa.

Usidanganywe na mwaka pia. Riale ya fedha ya Maria Theresa, iliyotumika sana katika biashara ya pwani, ina mwaka 1780, lakini iliendelea kutengenezwa kwa mwaka huo huo karne nzima na zaidi baadaye. Mwaka ulioandikwa kwenye sarafu si cheti cha kuzaliwa.

Aidha, Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 huvihesabu vitu vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa vya kale. Anayeviuza huhitaji leseni, na kuvitoa nchini huhitaji kibali. Sarafu za Mombasa za 1888 zimo humo. Na ukiokota sarafu kwenye magofu, huko Gede au kwingineko, usiitie mfukoni. Ipeleke kwa wasimamizi. Ikiondolewa pale ilipolala, wataalamu hupoteza nusu ya habari zake.

La mwisho: usisugue! Ndimu, majivu, mchanga na dawa ya kung'arishia shaba huondoa ngozi ya sarafu pamoja na thamani yake. Ishike kwa ukingo, iweke katika bahasha ndogo ya karatasi, nje uandike mwaka na mahali ulipoipata. Kwa walio Pwani, iweke mbali na unyevu.

Kinachopotea

Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, mtoto wa mjini anaweza kumaliza wiki nzima bila kushika sarafu. Senti 50 imetoweka kimya kimya, hakuna aliyeilia. Sarafu zenyewe zitaishi, maana chuma hakifi upesi. Wanaoondoka ni wale waliozitumia: bibi aliyetumwa dukani na ndururu, babu aliyepokea mshahara wake wa kwanza kwa shilingi zenye simba. Hao hawauzwi Ndia Kuu wala mnadani.

Kwa hivyo ukirudi kutoka Mombasa na senti yako moja yenye tundu, usiifungie sandukuni. Mpelekee nyanya, umwekee kiganjani, umuulize ilinunua nini. Andika jibu lake kwenye daftari, pamoja na jina la kijiji na jina la mwenye duka kama analikumbuka. Sarafu kama hiyo wapo wengi walio nayo. Yenye maneno ya nyanya yako kando yake ni moja tu, nawe hukuilipia chochote. Fanya hivyo likizo hii, msomaji, wala usingoje ijayo.