Picha Nzuri Katika Safari za Pikipiki

Akina mama wenzetu, wengi wetu tuishio milimani na vijijini tumekwishazoea kusafiri kwa pikipiki. Twaenda nayo kliniki, sokoni, harusini na misibani, na siku hizi karibu kila mmoja ana simu yenye kamera mkobani mwake. Picha za safari zimekuwa nyingi kuliko zamani, ila zilizo nzuri bado ni chache. Ukizifungua jioni unakuta mgongo wa dereva, kioo cha pembeni, barabara iliyolala upande, na sura ya mtu iliyo giza tupu, hata hujui ni ya shangazi au ya mjomba.

Sisi tuko wawili, mke na mume. Mmoja ni nesi anayejitolea katika kutembelea wagonjwa na wazee wa usharika, na mwingine ndiye mwenye pikipiki. Jumamosi nyingi tunatoka Lushoto mjini, tunapanda Magamba, tunapita msituni hadi Lukozi, na mara nyingine tunafika Mtae kule ukingoni, mahali ambapo milima ya Usambara inakatika ghafula na chini yake unaiona nyika ya Mkomazi. Hatukusomea upigaji picha. Tunayoandika hapa ni yale tuliyoyaona yakifaa katika njia hizo.

Jambo la kwanza, nalo ndilo kubwa, ni kusimama. Pikipiki iendayo kilometa 40 kwa saa hupita kama meta 11 kila sekunde. Hata kamera ikifungua jicho lake kwa sehemu moja tu ya 60 ya sekunde, wewe umekwisha kusogea sentimeta 18. Mlima wa mbali hautaonyesha kasoro hiyo sana. Lakini maua ya kando ya njia, mama mwenye tenga la kabichi kichwani na mtoto anayepunga mkono, wote watatoka kama rangi iliyopakwa kwa kidole. Hapo bado hatujasema habari ya mashimo na mtikisiko wa injini. Ni kweli kwamba simu nzuri, mchana wa jua kali, yaweza kupunguza muda ule hadi sehemu moja ya 1,000 ya sekunde, nayo picha ikatulia. Lakini mkono ulioshika simu ndio ule uliopaswa kukushikilia wewe. Wodini tumepokea abiria walioanguka katika kona ndogo tu, kwa mwendo mdogo tu, kwa sababu mikono yao yote miwili ilikuwa na shughuli nyingine.

Basi simameni. Msisimame popote, maana barabara kama ile ya kutoka Mombo kupanda Soni ina kona juu ya kona, na dereva wa lori anayeshuka hawezi kukuona mpaka amekufikia. Chagueni mahali palipo wazi mbele na nyuma, ondokeni kabisa barabarani upande wa kushoto, kisha zimeni injini. Shuka kwa upande wa kushoto pia. Pikipiki zetu nyingi zina bomba la moshi upande wa kulia, na lile bomba ndilo limewachoma akina mama wengi kwenye shavu la mguu walipokuwa wakiharakisha kushuka. Ikitokea umeungua, mimina maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala mafuta. Vitu hivyo tunavikuta kila wiki, na kazi ya kuviondoa huumiza kuliko moto wenyewe. Na kabla ya kupanda tena, kunja pindo za kanga na uzikalie, zisije zikanaswa na spoki au mnyororo. Helmeti ni ya wote wawili, si ya dereva peke yake. Kama unaogopa kuharibu nywele, funga kitambaa chepesi ndani yake.

Kati yetu mmoja hupenda kufika na mwingine hupenda kusimama. Kila ndoa ina mambo yake. Baada ya kuvutana sana tulipatana kwamba kila safari itakuwa na vituo vitatu vya picha, basi. Mapatano hayo yametufaa kuliko somo lolote la kamera. Mtu mwenye vituo vitatu hutazama vizuri njia nzima kabla ya kusema, "Baba, hapa." Zamani tulipokuwa watoto, mpiga picha alikuja na filamu ya picha 36 na kila moja ilihesabiwa, kwa hiyo alikuwa akikupanga vizuri kwanza. Simu imetuondolea gharama hiyo, lakini pamoja nayo imeondoa subira.

Simu yenyewe isafiri wapi? Vijana wengi huifunga kwenye usukani ili waone ramani. Mwezi Septemba 2021 kampuni ya Apple iliwaonya wateja wake kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki, ukipitia moja kwa moja kwenye usukani, waweza kuharibu kamera ya iPhone, kwa kuwa ndani yake mna vipande vidogo sana vinavyosogea ili kutuliza picha. Simu nyingine nyingi zina vipande vya namna hiyo. Kwa hiyo sisi huiweka katika mkoba unaovaliwa kifuani, ikiwa imeviringishwa kwa kitambaa. Zamani tungetumia mfuko wa plastiki kujikinga na mvua, lakini mifuko ile ilipigwa marufuku nchini mwetu tangu Juni 1, 2019. Sasa tunatumia kopo la chakula lenye mfuniko unaobana, na kwa kweli linafaa zaidi. Ukifika Magamba wakati wa ukungu, lenzi huota umande. Ipe dakika mbili, kisha ipanguse kwa pamba safi. Kama ina vumbi, ipulize kwanza. Kanga yenye mchanga huikwaruza.

Sasa tuje kwenye mwanga. Huku kwetu, karibu na ikweta, jua hupanda upesi na kushuka upesi mwaka mzima. Saa nzuri ni kuanzia saa 1 hadi saa 3 asubuhi, na tena tangu saa 10 hadi linapokaribia kuzama. Saa 6 mchana jua liko utosini, na kila anayepigwa picha anakuwa na mashimo meusi mahali pa macho. Kama mmefika saa hiyo, na mara nyingi tunafika saa hiyo, msimtoe mtu juani. Mkalisheni barazani, chini ya upenu, akiutazama uwanja. Ule mwanga unaorudi kutoka nje utamwangukia usoni taratibu, nayo macho yataonekana. Na kamwe usimweke mtu akiwa amelipa anga mgongo. Kamera itaona mbingu nyeupe, itapunguza mwanga, na uso wetu mweusi utazama gizani. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, kisha ongeza mwanga kidogo mpaka ngozi yake ionekane kama unavyoiona kwa macho.

Hili la ngozi lina historia yake. Kwa miongo kadhaa maabara za picha huko Marekani zilirekebisha rangi kwa kutazama kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, na kadi hizo zilijulikana kwa jina la Shirley. Kodak ilitoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali katika miaka ya 1990. Kwa hiyo mama zetu walioambiwa studioni kwamba wametoka weusi mno hawakuwa na kasoro yoyote nyusoni mwao. Kamera za leo ni nafuu zaidi, lakini bado zahitaji kusaidiwa.

Lakini yote hayo ni ya nini? Hebu tuwaeleze kilichotufanya tuyashike kwa bidii.

Miaka michache iliyopita tulikuwa kwenye msiba wa mama mmoja mzee katika vijiji vya juu, mama aliyelea watoto saba na wajukuu wengi. Kijana aliyetumwa mjini kutengeneza picha ya kuweka mbele ya jeneza alirudi na picha iliyokuzwa kutoka kwenye kitambulisho cha mpiga kura. Wote tunazijua picha zile. Mtu ametoka kwenye foleni, ameambiwa asicheke, amekodoa macho kama anayehojiwa. Ilipokuzwa ilikuwa vidoa vitupu. Mjukuu mmoja mdogo aliuliza, "Huyu ni nani?" Binti mkubwa wa marehemu alikaa kimya, kisha akasema, "Mama alikuwa mtu wa kucheka. Hakuna hata moja anayocheka?" Wakaanza kupekua simu zao pale pale kwenye mikeka. Mlikuwa na maporomoko ya Soni, mlikuwa na Irente, magari, keki za harusi na sahani za pilau. Mama hakuwamo. Kila sikukuu walikuja kwa pikipiki kutoka Mombo na kupiga picha njia nzima, kisha wakifika nyumbani simu zilikuwa zimeishiwa chaji.

Tangu siku hiyo, kituo kimoja kati ya vile vitatu hakifanyiki njiani. Tunakiacha mpaka tumefika, na tunatunza chaji kwa ajili yake.

Namna yetu ni hii. Tukifika hatutoi simu. Tunasalimu, "Shikamoo bibi," tunaitikiwa, "Marahaba wanangu," tunakaa, tunauliza habari za mguu na za dawa. Kazi ya nesi huja kwanza. Baada ya hapo ndipo tunaomba. Akikataa, imekwisha, wala hatumwulizi mara ya pili. Akikubali, karibu kila bibi atasema, "Ngojeni kwanza." Huingia ndani. Hutoka baada ya robo saa, amejipaka mafuta, amevaa kile kitenge alicholetewa na mwanawe Krismasi. Ile robo saa, akina mama, msimnyime. Kuna wanaodhani picha ya kweli ni ya kumkuta mtu na nguo za jikoni, ili wafadhili waone shida. Sisi hatukubaliani nao. Yule bibi ndiye anayejua anataka kukumbukwa vipi.

Akiisha kukaa, usimsogelee mno. Kamera ya simu ikiwa karibu sana na uso hukuza pua na kupunguza masikio. Rudi nyuma hatua mbili tatu, uvute picha karibu kidogo tu, na upinde magoti mpaka jicho la kamera liwe sawa na macho yake. Ukimpiga ukiwa umesimama wima atatoka kama mtoto aliyekosea. Kisha mwache azungumze. Mmoja wetu humuuliza habari ya mtu anayempenda, na mwingine ndiye anayepiga. Cheko huja lenyewe. Mikono nayo usiikate, maana wazee wetu wana mikono yenye kazi ndani yake.

Yasiyofaa kupigwa twayajua wote: kidonda, mgonjwa aliyelala, mama anayenyonyesha bila kuulizwa, kadi ya kliniki na makopo ya dawa yaliyopo mezani. Nesi amekatazwa na maadili ya kazi yake kutoa siri ya mgonjwa, na tena nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Picha ya mwenzako mgonjwa kwenye kundi la WhatsApp la kwaya si salamu. Kabla ya kufyatua, tupia jicho nyuma yake na kando yake uone kilichopo.

Kuhusu mandhari hatuna mengi. Milima ni mikubwa kuliko kioo cha simu, nayo ikipigwa peke yake hutoka midogo na ya buluu. Weka kitu mbele: mti, paa la nyumba, au hata pikipiki yenyewe. Wale mbega weusi na weupe wa msitu wa Magamba watazameni tu kwa macho; simu haiwafikii.

Mwisho, picha isiishie simuni. Simu huibiwa, huanguka majini, na watoto huzifuta picha wakicheza. Kila baada ya miezi michache tunachagua kumi, tunazisafisha studioni, na nakala ya kwanza ni ya mwenye sura. Huipeleka katika bahasha ngumu, ndani ya lile kopo la chakula. Mwezi uliopita tulimpelekea bibi mmoja wa juu ya Lukozi ya kwake. Aliitazama kwa muda, akaigeuza nyuma kuona kama kuna maandishi, akaigeuza tena. Akasema ni nzuri, ila mwanawe aliyeko Dar es Salaam amekuwa akiuliza kama ng'ombe bado yupo, naye hasadiki akiambiwa kwa simu. Basi anataka nyingine, yeye na ng'ombe wake, wote wawili waonekane mpaka miguu. Tumeahidi kurudi kabla ya masika, maana njia ile ikinyesha haipitiki.