Bao na Moyo wa Mwenzetu



Jioni zetu hapa Mpanda, chini ya miembe, wazee hucheza bao. Mashimo 32, kete 64, zote wazi. Mcheza poka huficha karata zake. Mcheza bao hana cha kuficha ila nia yake. Kwa hiyo fundi husoma mtu kwanza, ndipo asome kete.

Yuko mchezaji ailindaye nyumba yake kwa hofu, na kila apewapo nafasi ya kuisafirisha, hulala. Huyo fundi humbana mapema. Yuko mwenye pupa, ambaye daima hukimbilia shimo lenye kete nyingi, asitazame anachoacha nyuma. Kwa huyo fundi hutulia, akimwacha ajimalize. Anayewashambulia wote kwa ukali uleule, akijisifu kwamba ndivyo alivyo, hujikuta mstari wake wa mbele mtupu, na mchezo umekwisha.

Tunayakumbuka haya kila wanandoa wanapotujia na ugomvi wa fedha za mavuno. Mara nyingi kila mmoja anaijua vema hofu ya mwenzake, naye huitumia kumshinda. Hapo ndipo bao na maisha huachana. Kwenye bao tunausoma udhaifu ili tushinde. Nyumbani tuusome ili tujue lini kusema kwa uthabiti na lini kulegeza sauti.

Nyumba ya bao ikivunjwa, kesho kete hupangwa upya. Nyumba zetu hazipangwi upya kwa wepesi huo.