Mnara wa Chumbe, Taa ya Mlango wa Kusini

Kwa familia zinazokaa Rugaaga, jirani na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, maji makubwa ni Ziwa Nakivale. Mvuvi aliyechelewa humo huweza kurudi kwa kutazama mioto ya jikoni iliyoko ng'ambo. Bahari ya Hindi iko zaidi ya kilomita 1000 kutoka hapo kwa barabara, nayo ina adui asiyejulikana ziwani: matumbawe. Hiyo ni miamba iliyojengwa na viumbe wadogo wa baharini, mikali kama wembe, na maji yajaapo hufichika kabisa.

Mji wa Zanzibar umezingirwa na miamba ya namna hiyo. Mwaka 1902 meli Great Northern, iliyofanya kazi ya kutandaza nyaya za simu chini ya bahari, iliangamia kwenye mwamba wa Fungu, karibu na mji wenyewe. Mwaka 1904 Waingereza wakajenga mnara wa taa katika Chumbe, kisiwa kidogo kilichoko kama kilomita 12 kusini-magharibi ya mji, katika njia ya vyombo vitokavyo Dar es Salaam.

Taa haijiwashi. Alihitajika mlinzi, naye alikaa huko na jamaa yake. Mke wa askari aliyewahi kuhamia kituo cha mbali atayafahamu maisha hayo bila kuelezwa. Chumbe hakina kisima wala chemchemi ya maji matamu. Hapana budi maji yakingwe ya mvua au yaletwe kwa chombo. Mnara una vidato zaidi ya 130. Chini yake umesimama hadi leo msikiti mdogo wa mtindo wa Kihindi, uliojengwa kwa ajili ya jamaa ya mlinzi, na nyumba yao sasa hupokea wageni.

Njia inayomfaa rafiki humfaa adui pia. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilitokea upande huo wa kusini, ikaizamisha mashua ya doria Helmuth, kisha ikaipiga kwa mizinga manowari ya Waingereza, Pegasus, iliyokuwa bandarini ikitengenezwa mitambo yake. Mabaharia zaidi ya 30 waliuawa.

Mwaka 1926 mnara ulipewa taa ya gesi ya asetilini, ya aina iliyobuniwa na Gustaf Dalén wa Uswidi. Mtu huyo alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1912 kwa kazi yake juu ya taa za minara, na mwaka uo huo mlipuko wa gesi ulimpofua macho. Mabaharia wengi waliomulikiwa na taa zake hawakupata kulisikia jina lake.

Lipo jambo ambalo wajenzi hawakulikusudia. Maji ya magharibi ya Chumbe yalikuwa njia ya meli kubwa na eneo la kijeshi, hivyo wavuvi walikatazwa kuvua humo kwa miaka mingi. Matumbawe yaliyoogopwa na manahodha yakasitawi bila kuguswa na nyavu wala nanga. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar iliyatangaza kuwa hifadhi, na baadhi ya wavuvi wa zamani wakaajiriwa kuyalinda. Humo mna aina zaidi ya 400 za samaki.

Hata hivyo, mnara humwonyesha nahodha mahali alipo; haumzuii kung'oa nanga siku ya upepo. Tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit iliondoka Dar es Salaam ikiwa na watu wapatao 290, idadi iliyozidi uwezo wake. Ilikuwa imeundwa Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya maji yaliyokingwa na nchi kavu, si kwa mawimbi ya kusi katika mkondo wa Unguja. Ilipinduka karibu na Chumbe. Waliokufa na wasioonekana tena walizidi 100, wakiwamo watoto. Haikugonga mwamba wowote, wala haikupotea njia. Ulikuwa mchana.