Nani Alimwagilia Miti Yao?

Hapa Lubumbashi, wakati wa mvua, maembe hujaa sokoni hata huoza chini. Mama mmoja wa mtaa wetu aliniuliza: «Mwalimu, tunajua kukausha samaki na uyoga, mbona maembe tunayaacha yaoze?» Nilimjibu kwa habari ya watu wa mbali.

Huko California, nchi ya Marekani, katika wilaya ya Placer, jamaa ya Otow inalima matunda tangu mwaka 1911. Wazee wao walitoka Japani pamoja na ufundi wa kukausha kaki. Kaki la aina ile, kabla ya kulainika, hukaza ulimi. Wao hulimenya, hulifunga kamba na kulitundika. Kisha kila siku chache hulikanda polepole kwa vidole. Baada ya majuma manne mpaka sita, sukari ya tunda lenyewe hutokea nje, nyeupe kama unga. Hawatii sukari nyingine.

Lakini kazi ya namna hiyo yataka jamaa ikae mahali pake. Mwaka 1942 serikali ya Marekani iliwaondoa nyumbani watu wapata 120,000 wenye asili ya Japani, ikawafunga kambini, ingawa wengi walikuwa raia. Wengine walitunziwa mashamba na majirani wema. Wengine walirudi wakakuta mali imepotea. Mwezi wa Januari 1945, huko Placer, watu walijaribu kuchoma ghala la matunda la jamaa ya Doi iliyokuwa imerudi, walioshtakiwa wakaachiliwa. Mwaka 1988 ndipo serikali ilipoomba radhi kwa sheria.

Ndugu msomaji, sisi wa Katanga hatuhitaji kufasiriwa jambo hilo. Miaka ya 1992 na 1993 Wakasai wengi walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Walingoja treni siku nyingi, na wengine walikufa palepale. Mama yule alikuwa mtoto kwenye kituo cha Likasi. Alinyamaza, kisha akauliza: «Nani alimwagilia miti yao?»

Basi, sasa anakata maembe vipande vyembamba, anavianika juani chini ya chandarua, na mvua ikija anavihamishia karibu na moto. Binti zake wanamsaidia, pamoja na watoto wa jirani, wenyeji wa Katanga. Nami nawaachia ninyi swali lake. Siku jirani yako akiondolewa kwa nguvu, mwembe wake utakuwa mikononi mwa nani?