Idadi na Jina Lake

Zamani, mtu aliyemwambia mchuuzi wa mahindi ampimie nne, bila kutaja vibaba wala pishi, alitazamwa tu mpaka amalize maneno yake. Pishi moja ni vibaba vinne. Kwa hiyo nne ya pishi ilikuwa mara nne ya nne ya vibaba. Elimu hii ya sokoni ni ndogo, lakini mimi niliisahau siku niliyoihitaji sana. Nakusimulia kosa langu, msomaji wangu, ili likufae wewe kuliko lilivyonifaa mimi.

Zahanati ya kijiji chetu ilikuwa ikipasha maji ya kuoshea kwa kuni. Wazee walichanga fedha ili tununue mabamba ya kupasha maji moto kwa jua. Mimi, niliyekuwa nimetoka shuleni karibuni, nilipewa kazi ya kuhesabu ukubwa wake. Nilikuwa na kitabu kikuukuu kilichosema kwamba jua la adhuhuri, mbingu zikiwa safi, huleta joto la kiasi cha 300. Nikaandika: wati 300 kwa kila mita ya mraba. Nikahesabu kwa bidii, nikaona kwamba twahitaji mabamba mara tatu ya yale ambayo fedha zetu zingeweza kununua. Wazee walinisikiliza, wakanishukuru, wakarudishiana michango. Zahanati ikachoma kuni mwaka mzima, na akina mama wakazidi kuzibeba vichwani.

Mwaka ulipokwisha nilikifungua tena kitabu kile. Juu ya jedwali, kwa herufi ndogo, paliandikwa kipimo ambacho sikukitazama. Hazikuwa wati hata kidogo. Kilikuwa kipimo cha Kiingereza kiitwacho B.T.U., yaani joto liwezalo kuzidisha ratili moja ya maji kwa digrii moja ya Fahrenheit. Jedwali lilihesabu joto hilo kwa kila futi ya mraba na kwa kila saa.

Sasa nisikilize vema, kwa kuwa hapa ndipo wengi hujikwaa. Nguvu ya joto liangukalo juu ya kitu ina mambo matatu ndani yake: joto kiasi gani, juu ya eneo gani, na kwa muda gani. Abadilishaye moja na kuyaacha mawili hajabadilisha kitu. Wati moja kwa mita ya mraba maana yake ni jouli 1, juu ya mita 1 ya mraba, katika sekunde 1. B.T.U. moja ni jouli 1,055. Futi ya mraba ni sehemu 0.0929 ya mita ya mraba. Saa ina sekunde 3,600. Mita ya mraba ni pana kuliko futi ya mraba, basi hupokea zaidi: gawanya 1,055 kwa 0.0929. Sekunde ni fupi kuliko saa, basi huleta kidogo: gawanya tena kwa 3,600. Utapata 3.15. Kwa hiyo ile 300 ya kitabu ilikuwa wati 945 hivi kwa kila mita ya mraba. Jua letu lilikuwa na nguvu mara tatu ya ile niliyowatajia wazee, na fedha zao zilikuwa zikitosha tangu siku ya kwanza.

Kosa la namna hii laweza pia kutufanya tuwadharau waliotutangulia. Mwaka 1838 Mfaransa Claude Pouillet alitangaza nguvu ya joto la jua kabla halijapita katika hewa ya dunia. Alipata 1.76. Leo vyombo vilivyo angani vyatupa 1,361. Asiyeuliza jina la kipimo atasema kwamba Pouillet alipotea kabisa. Lakini yeye alihesabu kalori kwa kila sentimita ya mraba kwa kila dakika. Kalori moja ni jouli 4.184, mita ya mraba ina sentimita za mraba 10,000, dakika ina sekunde 60. Zidisha 4.184 kwa 10,000, ugawanye kwa 60, upate 697. Basi 1.76 yake ni wati 1,227 kwa mita ya mraba. Mtu aliyesimama ardhini, chini ya hewa na mawingu, alipungukiwa na sehemu moja tu katika kumi! Heshima yake ilikuwa imefichwa na kipimo, na hesabu fupi yairudisha.

Nilikwenda kwa wazee kuungama. Nilidhani watanikemea, lakini mzee mmoja alicheka polepole, akasema, "Mwanangu, idadi ulituletea, ila jina lake uliliacha njiani." Michango ikakusanywa upya, na mabamba yakapandishwa juu ya paa la zahanati. Kuni zilizokwisha kuteketea hazikurudi, wala uchovu wa waliozibeba haukufutika.

Basi, msomaji wangu, mwalimu akikudai uandike kipimo mbele ya kila jibu, usidhani anakusumbua bure. Idadi isiyo na jina ni kama mgeni asiyesema atokako: ukimkaribisha kwa kukisia, utamkosea yeye na kuwakosesha wenyeji.