Kujifunza Gitaa kwa Kusikia

Wako watu wasemao ya kuwa mtu asiyejua kusoma nota hawezi kupiga gitaa sawasawa. Si kweli. Jean Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 mjini Jadotville, uitwao sasa Likasi, katika Kongo, alipiga kwa vidole viwili tu vya mkono wa kuume, yaani gumba na kidole cha shahada. Nyimbo zake za Kiswahili cha Katanga zilifika mbali kwa santuri, na vijana wengi wa Afrika Mashariki walijifunza kwake bila kumwona, kwa masikio tu.

Marehemu kaka yangu alijifunza kwa santuri za namna hiyo. Alipofariki aliacha gitaa lake, na wimbo mmoja alioutunga siku alipobatizwa mwanawe. Wimbo huo haukuandikwa wala kurekodiwa. Mtoto sasa ana miaka 13, na mwaka huu atapata Kipaimara. Siku moja akaniambia, “Baba mdogo, nipigie wimbo wa baba.” Nami nilikuwa na nini? Kumbukumbu kidogo, na mama yangu, ambaye huuvuma wote tangu mwanzo hata mwisho.

Kazi ya kwanza ni kulinganisha nyuzi. Bonyeza uzi mnene wa juu katika nafasi ya tano ya shingo. Sauti yake sharti iwe sawa na ya uzi unaofuata ulio wazi. Fanya vivyo hivyo kushuka, ila uzi wa nne kutoka juu hubonyezwa katika nafasi ya nne. Usifanye haraka hapa. Gitaa lisilolingana hudanganya sikio, na sikio likidanganywa mara nyingi husadiki uwongo.

Kisha uimbe. Wimbo usioweza kuuimba kwa kinywa, vidole havitaupata kamwe. Mama alivuma jikoni, nami nikamfuata, hata akasema, “Ehe, sasa ndivyo.” Siku nne gitaa lilikaa ukutani bila kuguswa.

Ndipo nikatafuta do. Wanakwaya mnaijua: ndiyo sauti ambayo wimbo ukiishia hapo roho hutulia. Ukiisha kuipata, jaribu fa na so. Nyimbo nyingi za kwetu, za kanisani na za barazani, husimama juu ya mapatano ya sauti hizo tatu. Gumba hutembea chini, na kidole cha shahada huimba juu. Sikiliza gumba kwanza! Wanafunzi hukimbilia sauti za juu kwa kuwa ndizo tamu, kisha hushangaa kwamba wimbo unayumba kama meza ya miguu mitatu iliyokatwa mmoja.

Siku hizi simu yaweza kurudia wimbo polepole mara mia. Ni msaada mkubwa, siukatai. Zamani kijana alirudisha sindano ya gramafoni kwa mkono mpaka santuri ikachubuka. Lakini mama si simu. Huchoka, hukumbuka, na jioni nyingine machozi humjia katikati ya ubeti. Hapo tulikuwa tukiacha, tukala, tukalala.

Mzee mmoja jirani aliuliza kama yafaa gitaa kupigwa siku ya Kipaimara, maana yeye alilijua kuwa chombo cha vilabuni. Nilimjibu kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya mwaka 1963, ulikubali vyombo vingine mbali na kinanda, mradi wakuu wa Kanisa waridhie na viifae ibada. Alitikisa kichwa, lakini jioni ya pili alileta kiti chake mwenyewe akaketi kusikiliza.

Imebaki sehemu moja ya katikati. Mama asema wimbo hupanda pale. Mimi nakumbuka ulishuka. Tumebishana juma zima, wala hakuna wa kutuamua. Mtoto alisikiliza yote mawili, akachagua ya bibi yake. Sasa huketi barazani kila atokapo shule, akipiga sauti za gumba peke yake. Kidole cha shahada bado hakijatii.